Asili na Maana ya Majina ya Mahali katika Vyeo vya Kimwinyi vya Uingereza: Mfano wa Baroni Twining na Jina la Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza asili ya majina ya mahali yanayoandamana na vyeo vya kimwinyi vya Uingereza, na maana ya majina hayo yanapohusu Afrika. Mfano mkuu ni cheo alichopewa Edward Twining, Gavana wa Tanganyika kuanzia mwaka 1949 hadi 1958, ambacho hati yake ilitaja Tanganyika pamoja na mji mdogo wa Godalming nchini Uingereza. Makala yanabainisha vyanzo vitano vya majina hayo, yanaeleza tofauti kati ya jina la cheo na kitambulisho cha mahali, kisha yanalinganisha utaratibu huo na majina ya mahali ya Karatu na Ngorongoro. Hoja kuu ni kwamba "wa" ya vyeo hivi haina maana ya umiliki, utawala wala asili ya mtu, bali ni alama ya heshima ambayo mtoaji na mpokeaji wake wanaweza wote kuwa nje ya mahali panapotajwa. Kutotambua jambo hilo huwapotosha wafasiri na wasomaji wa historia.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Makuyuni kuelekea lango la Ngorongoro hupita katika eneo lenye majina ya lugha nyingi: Mto wa Mbu, Manyara, Rhotia, Ganako, Karatu, Oldeani, na hatimaye Ngorongoro yenyewe. Miongoni mwa majina hayo, Mto wa Mbu ndilo linaloeleweka moja kwa moja kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Hakuna anayelisikia akadhani kwamba mbu wanaumiliki mto huo, au kwamba wanautawala. Kiunganifu "wa" kinaeleza tu kwamba mto na mbu vina uhusiano, na ujuzi wa mazingira ndio unaomwambia msikilizaji ni uhusiano wa aina gani.

Wepesi huo hupotea tunapokutana na jina kama "Baroni Twining wa Tanganyika". Msomaji wa Kiswahili ana mifano mingi ya vyeo vyenye umbo hilohilo: Mtemi wa Unyanyembe, Mangi wa Machame, Mwinyi Mkuu wa Unguja. Katika mifano hiyo "wa" ina maana ya mamlaka: mtemi alikuwa na watu, mipaka na baraza katika mahali palipotajwa. Ni rahisi basi kudhani kwamba baroni naye alipewa Tanganyika kwa namna fulani, ama kama milki, ama kama dola. Dhana hiyo si sahihi. Hata hivyo, jibu kwamba jina hilo ni pambo lisilo na uzito nalo halitoshelezi. Makala haya yanauliza: majina ya mahali huingiaje katika vyeo vya Uingereza, na jina la Tanganyika lilifanya kazi gani lilipoingizwa humo?

2.0 Istilahi na mfumo wenyewe

Istilahi "vyeo vya kimwinyi" inatumika hapa kwa ngazi tano za heshima za Uingereza, ambazo kuanzia juu kwenda chini ni diuki, markwisi, erli, vaikaunti na baroni. Uteuzi wa neno "kimwinyi" una sababu. Neno "mwinyi" lina asili moja na "mwenye", yaani aliye na kitu. Katika pwani ya Waswahili, mwinyi alikuwa mtu mwenye mji, mwenye ardhi au mwenye hadhi, na cheo chake kilibeba wazo la kuwa na kitu ndani ya mzizi wa neno. Neno "mtemi" nalo hunasibishwa na kitenzi "kutema" kwa maana ya kukata na kufyeka, kana kwamba mtawala ni yule aliyefungua ardhi kwa ajili ya watu wake. Kwa hiyo msamiati wetu wenyewe hutuelekeza kuhusisha cheo na ardhi. Tutaona kwamba vyeo vya Uingereza vilianza na uhusiano wa namna hiyo, kisha vikauacha huku umbo la maneno likibaki.

Cheo hutolewa kwa hati ya kifalme. Katika hati za vaikaunti na baroni huwa kuna sehemu mbili zinazopaswa kutofautishwa. Sehemu ya kwanza ni jina la cheo, yaani jina ambalo mhusika ataitwa. Sehemu ya pili ni kitambulisho cha mahali, ambacho hutaja mji, kijiji au eneo, na kwa kawaida kaunti lilimo. Katika maandishi, sehemu hizi mbili hutenganishwa na koma. Alama hiyo ndogo ina uzito mkubwa katika mjadala huu, nasi tutairejea katika sehemu ya nne.

3.0 Vyanzo vitano vya majina ya mahali

Kwa kuangalia vyeo vya watu ambao historia yao inafahamika vizuri, hususani wale waliohusika na Afrika, vyanzo vya majina ya mahali vinaweza kuwekwa katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni majina yaliyotokana na utawala au milki ya kale. Erli wa zama za kati alihusiana kwa kweli na kaunti aliyoitwa kwayo: alikuwa mtu mkubwa wa mfalme katika eneo hilo na alipata sehemu ya mapato ya mahakama yake. Cheo cha diuki kilianza kutumika Uingereza mwaka 1337, mwana wa mfalme alipofanywa Diuki wa Cornwall, na cheo hicho kiliambatana na mali halisi ambazo hadi leo humpatia mapato mrithi wa ufalme. Lakini uhusiano wa namna hii ulikatika mapema katika vyeo vingi. Diuki wa Devonshire ni mfano mzuri: makao makuu ya ukoo wake ni Chatsworth, katika kaunti ya Derbyshire, mbali na Devon. Jina lilikwishaachana na ardhi karne nyingi kabla ya Waingereza kufika Ganako.

Kundi la pili ni majina ya makazi ya mpokeaji au ya asili ya ukoo wake. Frederick Lugard, aliyeongoza shughuli za Kampuni ya Kiingereza nchini Uganda na baadaye akawa mtawala wa Nijeria, alifanywa baroni mwaka 1928. Mahali palipotajwa ni Abinger, kijiji cha Surrey alikoishi. Evelyn Baring, aliyeiendesha Misri kwa niaba ya Uingereza kwa takribani robo karne, alichukua jina la Cromer, mji wa pwani ya Norfolk. Mwanawe, ambaye pia aliitwa Evelyn Baring, alikuwa Gavana wa Kenya kuanzia mwaka 1952 hadi 1959, wakati wa hali ya hatari. Alipopewa cheo mwaka 1960 alikuwa Baroni Howick wa Glendale, majina ya Northumberland. Kenya haikuonekana katika jina lake.

Kundi la tatu ni majina ya majimbo ya uchaguzi. Edward Grigg, Gavana wa Kenya kuanzia mwaka 1925 hadi 1930, aliporudi kwao alikuwa mbunge wa Altrincham. Mwaka 1945 akawa Baroni Altrincham. Jina hilo lilibeba kumbukumbu ya wapigakura wa Uingereza, si ya watu aliowatawala Nairobi.

Kundi la nne ni majina ya ushindi vitani. Baada ya vita vya Mto Nile vya mwaka 1798, Horatio Nelson alifanywa Baroni Nelson wa Nile. Mwaka 1868 Robert Napier aliiteka ngome ya Magdala nchini Ethiopia, ambako Mfalme Tewodros alijiua kuliko kukamatwa, naye akawa Baroni Napier wa Magdala. Mwaka 1898, baada ya mapigano ya Omdurman, Herbert Kitchener akawa Baroni Kitchener wa Khartoum. Katika karne ya 20 waliongezeka Allenby wa Megiddo, Montgomery wa Alamein, Alexander wa Tunis na Mountbatten wa Burma. Mfano wa Magdala unaeleza mengi. Waingereza waliichoma ngome hiyo na kuondoka Ethiopia mwaka huohuo. Hawakuimiliki hata kwa mwaka mmoja, lakini jina lake likaendelea kurithiwa na ukoo wa Napier.

Kundi la tano ni majina ya mahali ambapo mpokeaji alifanya kazi ya utawala. Alfred Milner, aliyekuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Afrika Kusini, alipewa cheo cha baroni mwaka 1901. Hati yake ilitaja mtaa wa St James's jijini London pamoja na Cape Town. Twining wa Tanganyika yumo katika kundi hili. Ni muhimu kuona kwamba kundi hili halikuwa kanuni. Lugard hakuchukua Uganda wala Nijeria, na kina Baring hawakuchukua Misri wala Kenya. Hivyo, Tanganyika kutajwa katika hati ya Twining ni jambo linalohitaji kuelezwa.

4.0 Koma inayotenganisha

Tukiifasiri kwa ukamilifu, hati ya mwaka 1958 ilimfanya Edward Twining kuwa "Baroni Twining, wa Tanganyika na wa Godalming katika Kaunti ya Surrey". Koma inakuja mara tu baada ya jina lake la ukoo. Maana yake ni kwamba jina la cheo ni Twining peke yake. Tanganyika na Godalming zote mbili ni vitambulisho vya mahali. Katika matumizi ya kawaida aliitwa Lodi Twining, si Lodi Twining wa Tanganyika.

Cheo cha Montgomery kina umbo tofauti: "Vaikaunti Montgomery wa Alamein, wa Hindhead katika Kaunti ya Surrey". Hapa Alamein imetangulia koma, nayo ni sehemu halisi ya jina. Kulidondosha ni kulikata jina lenyewe. Hindhead ndicho kitambulisho cha mahali. Kwa mtazamo wa sarufi ya Kiswahili, "wa" mbili zilizomo katika hati hiyo zinafanana kabisa, na mfasiri asiyezingatia koma hana njia ya kuzitofautisha.

Jambo jingine linajitokeza tukizilinganisha hati hizi. Mahali pa ng'ambo panapotajwa, mara nyingi hutajwa pamoja na mahali pa Uingereza: Khartoum na Aspall, Alamein na Hindhead, Cape Town na St James's, Tanganyika na Godalming. Mahali pa ng'ambo hueleza sifa. Mahali pa nyumbani humpa mhusika anwani. Tanganyika ilieleza alichofanya Twining, na Godalming ikaeleza alikohesabiwa kuwa wa kwao.

Kuna kinaya katika jozi hii. Godalming ni jina la Kiingereza cha kale lenye maana ya watu wa Godhelm, yaani jina la watu waliofuatana na mtu mmoja ambalo baadaye liligeuka kuwa jina la mahali. Majina ya namna hiyo tunayo wenyewe, kwani vijiji vingi nchini huitwa kwa jina la mzee aliyetangulia kujenga hapo, na mara nyingi hutanguliwa na "kwa". Kwa asili yake, basi, Godalming ni jina la wenyeji waliojiita au walioitwa na majirani zao. Tanganyika, kama jina la nchi, lilipatikana kwa njia nyingine kabisa.

5.0 Jina la Tanganyika lilivyofanywa kuwa la nchi

Kwa asili, Tanganyika ni jina la ziwa. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Burton akaeleza kwamba jina hilo lina maana ya mahali ambapo maji hukutana au kuchanganyika. Katika mazungumzo ya kawaida hutolewa pia maelezo mengine, kama vile kuligawa jina katika "tanga" na "nyika". Maelezo haya ya pili yana umaarufu, lakini ni ya aina ambayo wanataaluma ya majina huitilia shaka, kwa kuwa hulazimisha jina la bara la magharibi kusomwa kwa maneno ya Kiswahili cha pwani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilihitaji jina la eneo lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miongoni mwa mapendekezo yaliyojadiliwa London yalikuwamo Smutsland, kwa heshima ya jenerali wa Afrika Kusini, na Windsorland, kwa heshima ya ukoo wa kifalme. Waziri wa Makoloni aliyataka maofisa wake watafute jina la wenyeji lenye uhusiano wa wazi na nchi yenyewe. Kilimanjaro na Tabora yalifikiriwa yakaachwa, na mwaka 1920 likathibitishwa jina la Tanganyika. Waziri huyo alikuwa Milner, yuleyule ambaye hati yake ya cheo ilitaja Cape Town.

Tukio hili linaonyesha kwamba utaratibu wa kutaja nchi na utaratibu wa kutaja vyeo ulikuwa mikononi mwa watu walewale. Jina lililochaguliwa lilikuwa la Kiafrika kweli, na kwa hilo wakazi wa nchi waliepushwa kuitwa watu wa Smutsland. Lakini uchaguzi wenyewe haukuwa wao. Mkazi wa Ganako, ambaye pengine hakuwahi kuliona ziwa lile lililo mpaka wa magharibi kabisa, aliamka akiwa Mtanganyika kwa uamuzi wa ofisi moja ya London.

6.0 Mwaka 1958: hati mbili

Katika hadhi ya kisheria, Tanganyika haikuwa koloni kamili. Tangu mwaka 1946 ilikuwa eneo la udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa mwangalizi anayepaswa kutoa hesabu. Wananchi walilifahamu hilo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Haya yalitokea Twining akiwa Gavana. Ni katika kipindi chake pia ambapo TANU iliundwa, mwaka 1954.

Twining aliondoka Tanganyika katikati ya mwaka 1958. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu vyeo vya baroni vya maisha, ambavyo havirithiwi na watoto, naye akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupewa cheo cha aina hiyo. Zilikuwa zimepita miaka 100 tangu Burton afike Ujiji. Kwa hati hiyo, jina la nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa kimataifa liliingia katika orodha ya heshima za ufalme mmoja.

Mwaka huo wa 1958 kulikuwa na hati nyingine iliyohusu mahali na majina, nayo ilitiwa saini kaskazini mwa nchi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa mipaka yake ya mwaka 1951, ilikuwa imejumuisha nyanda za Serengeti pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro. Baada ya mvutano wa miaka kadhaa kuhusu haki ya wafugaji kuishi humo, wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi ambamo wafugaji wangeruhusiwa kuishi. Mjadala kuhusu maana ya makubaliano hayo haujaisha. Ulirejea kwa nguvu katika miaka ya 2020, familia zilipohamia Msomera katika Wilaya ya Handeni.

Hati hizi mbili hazikusababishana, na makala haya hayadai hivyo. Kuziweka pamoja kunasaidia kuona jambo moja. Hati ya kwanza ilimpa mtu jina la mahali bila kumpa ardhi yoyote. Hati ya pili iliwaondoa watu katika ardhi huku majina waliyoyatoa yakibaki. Serengeti ni jina linalotokana na Kimaasai, lenye maana ya uwanda mpana usio na kikomo, na limeendelea kuitambulisha hifadhi hiyo duniani kote. Katika hali zote mbili, jina na ardhi vilitengana. Lililotofautiana ni nani alinufaika na utengano huo.

7.0 Majina ya Karatu na Ngorongoro kama kipimo

Ili kuelewa upekee wa majina ya vyeo, inafaa kuyapima kwa majina ya kawaida ya mahali. Eneo la Karatu na Ngorongoro linafaa kwa kazi hii kwa sababu linakutanisha wazungumzaji wa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Kidatoga na Kimaasai, ambazo ni za Kiniloti. Kihadza, lugha ya vidoko isiyo na ndugu anayefahamika. Na lugha za Kibantu, kikiwamo Kiswahili.

Majina mengi ya hapa hueleza kinachoonekana au kusikika. Oldeani hutokana na neno la Kimaasai la mianzi, na mianzi humea katika miteremko ya mlima huo. Manyara huhusishwa na mnyaa, mmea wa utomvu unaopandwa kuwa ua wa boma. Kuhusu Ngorongoro, wapo wanaolihusisha na mlio wa kengele za ng'ombe. Mto wa Mbu umekwishaelezwa. Majina haya yana sifa tatu: hutolewa na watu wanaotumia mahali hapo, hueleza sifa ya mahali penyewe, na hubaki hata mtoaji anaposahaulika.

Jina la mahali katika cheo ni kinyume cha hayo yote. Hutolewa na mamlaka iliyo mbali, humweleza mtu badala ya mahali, na katika cheo cha maisha humalizika na mtu huyo. Kwa lugha ya wanasemantiki, "Tanganyika" katika hati ya Twining haikuwa na kazi ya kurejelea nchi ili tuijue. Ilikuwa na kazi ya kumpamba Twining ili tumjue yeye.

Hata vyeo vya Kiafrika havikubaki salama kutokana na mfumo huu. Kabla ya ukoloni Wairaqw hawakuwa na mtawala mmoja wa eneo lao lote. Utawala wa kikoloni, Wajerumani kwanza kisha Waingereza, uliweka machifu wenye mipaka ya kiutawala, na "chifu wa" mahali fulani likawa jina la kazi serikalini. Serikali huru iliufuta uchifu wa kiserikali mwaka 1963. Hivyo, ndani ya kipindi kifupi, wakazi wa Mbulu na Karatu walishuhudia cheo chenye jina la mahali kikitengenezwa na kisha kikifutwa.

Kenya inatoa mfano wa safari iliyo kinyume. Delamere ni jina la msitu wa Cheshire lenye maana inayohusu maziwa madogo. Lilikuwa cheo cha baroni mwaka 1821, kisha baroni wa tatu akaja nalo Kenya, akawa kiongozi wa walowezi, na hatimaye likawekwa katika barabara kuu ya Nairobi. Baada ya uhuru barabara hiyo ikaitwa Kenyatta. Jina lililotoka mahali likawa la mtu, likarudi kuwa la mahali katika bara jingine, kisha likaondolewa na wenye mahali.

8.0 Athari kwa tafsiri na ufundishaji

Uchambuzi huu una matokeo ya vitendo. Kwanza, mfasiri aangalie koma kabla ya kuandika "wa". Jina lililo kabla ya koma lifasiriwe kama sehemu ya jina: Montgomery wa Alamein, Napier wa Magdala. Lililo baada ya koma lifasiriwe kwa maelezo, kwa mfano: "Baroni Twining, ambaye hati yake ilitaja Tanganyika na Godalming". Maelezo ni marefu zaidi, lakini hayadanganyi.

Pili, neno "baroni" lisibadilishwe kuwa "mtemi" au "chifu" kwa nia ya kulifanya lieleweke. Mtemi alikuwa na watu wa kumwajibisha. Baroni wa mwaka 1958 alikuwa na kiti katika baraza la juu la Bunge la London. Kuyafananisha maneno haya ni kuupa ukoloni uhalali wa jadi ambao haukuwa nao.

Tatu, mwalimu wa historia anaweza kuvitumia vyeo hivi kama ushahidi. Orodha ya mahali palipotajwa ni ramani ya yale ambayo dola iliyaona kuwa ya kujivunia, na ukimya nao husema. Kutoonekana kwa Kenya katika cheo cha Gavana wa miaka ya hali ya hatari ni jambo la kujadiliwa darasani sawasawa na kuonekana kwa Tanganyika katika cheo cha Twining.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba majina ya mahali katika vyeo vya Uingereza hutokana na milki ya kale, makazi, majimbo ya uchaguzi, ushindi vitani na utumishi wa kiutawala, na kwamba ni kundi la kwanza pekee lililowahi kuwa na uhusiano wa dhati na ardhi. Katika makundi mengine "wa" ni alama ya heshima tu. Hatari yake kwetu ni kwamba Kiswahili kinaitumia "wa" hiyohiyo kwa mamlaka, umiliki, asili na sifa, hivyo msomaji hujaza maana ambayo hati haikuwa nayo.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 26 Aprili 1964 ikaungana na Zanzibar. Twining alifariki mwaka 1967. Kwa miaka mitatu, basi, hati yake ilitaja nchi ambayo haikuwapo tena kama dola, na kwa kifo chake cheo chenyewe kikaisha. Jina halikuisha. Lingali la ziwa, kama lilivyokuwa kabla ya Burton. Limo katika jina la Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, na katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, kwenye mwambao wa ziwa lenyewe. Jina lililochukuliwa ziwani likapewa nchi, kisha likapewa mtu, limerudi kwa watu wanaoishi kando ya maji yake.